Rotesheni ya ICU kwa daktari anayesomea ubingwa: mwongozo kamili wa kazi ya kila siku

Mwongozo huu ni wa residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa wa tiba ya ndani, upasuaji, uzazi, dharura au usingizi katika hospitali ya kufundishia kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au Mulago, ambaye jina lake limepangwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Wengi hufika wakiwa na hofu ya mashine. Mashine hujifunzwa haraka. Kinachowamaliza wagonjwa mahututi mara nyingi ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyekiangalia siku hiyo: puto la mpira wa kupumulia limelegea, sukari imeshuka saa tisa usiku, mtungi wa oksijeni umeisha njiani kwenda CT scan. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu utaratibu, yaani kuangalia mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kitanda kwa kitanda, kila siku.

Wiki moja kabla

Nenda ICU kwa nusu saa tu ukaandike mambo manne: aina ya mashine za kupumulia zilizopo, dawa za presha (za kupandisha presha iliyoshuka) zilizopo kweli (siyo zilizo kwenye orodha ya famasi), kama kuna kipimo cha gesi za damu kinachofanya kazi, na kama kuna kapnografu, yaani kifaa kinachopima kaboni dioksidi kwenye pumzi inayotoka. Majibu hayo yatakuonyesha usome nini. Kusoma sura nzima ya dawa ambayo hospitali haina ni kupoteza usiku wako.

Rudia mafunzo ya kufufua moyo na mapafu. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni na uandike ukurasa wa kwanza dozi za dawa kumi za dharura kwa kilo. Saa tisa za usiku akili haikokotoi vizuri, hata ya daktari hodari.

Siku ya kwanza: zunguka na muuguzi

Kabla hujamgusa mgonjwa, mwombe sista wa zamu akuzungushe. Wauguzi wa ICU wanaujua mlango gani unakwama, mashine ipi inalia bila sababu na ipi ikilia ukimbie. Daktari anayeanza kwa kuwaheshimu hupigiwa simu mapema mgonjwa anapobadilika, na hilo peke yake huokoa maisha.

Angalia mashine ya kufyonza makohozi ya kila kitanda kwa kuiwasha na kuziba mrija kwa kidole. Usiposikia kidole kikivutwa kwa nguvu, haifai. Hakikisha kila kitanda kina mfuko wa Ambu (wa kukamulia hewa kwa mkono) wenye barakoa yake, umening'inia mahali pa kuonekana. Fungua troli ya dharura uone laringoskopu, taa ya kutazamia koo wakati wa kuingiza mpira, inawaka.

Kisha oksijeni. Mtungi mkubwa wa aina ya J ukijaa una lita 6,800. Kwa lita 10 kwa dakika unadumu dakika 680, yaani saa 11 na kidogo. Mtungi mdogo wa aina ya E, ule wa kusafirishia, una lita 680, na kwa mwendo huo huo unaisha ndani ya dakika 68. Geji ikisoma nusu, una nusu ya muda huo. Kabla ya kumtoa mgonjwa ICU kwenda kupigwa picha, kadiria dakika za kwenda, kusubiri na kurudi, kisha zidisha mara mbili. Lifti za hospitali hukwama, na foleni ya CT haijui kuwa mgonjwa wako yuko kwenye mtungi.

Asubuhi, kabla ya raundi

Fika saa moja na nusu kabla ya raundi kuanza. Anza na muuguzi aliyekesha na mgonjwa, umwulize: "Usiku kimebadilika nini?" Soma chati ya saa 24: presha, mapigo, joto, mkojo kwa saa, maji yaliyoingia na yaliyotoka. Mkojo chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo, ni habari ya kuianzia raundi.

Sasa mguse mgonjwa, kutoka kichwani hadi miguuni.

Kichwani: mwite kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, hata kama amelazwa kwa dawa. Andika alama za Glasgow, kipimo cha fahamu kinachohesabu macho, maneno na viungo. Kama ana mpira mdomoni, sehemu ya maneno haipimiki, hivyo tegemea macho na viungo. Angalia mboni zote mbili kwa tochi.

Mdomoni: mpira umefungwa kwenye sentimita ngapi? Kwa mtu mzima kwa kawaida ni 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanaume, kwenye meno. Ukikuta 26 leo na jana ilikuwa 22, mpira umeteremka na huenda umeingia pafu la kulia peke yake. Pima puto kwa geji: sentimita 20 hadi 30 za maji. Chini ya hapo mate huteremka mapafuni. Juu ya hapo ngozi ya ndani ya koo hukosa damu. Kubonyeza puto la nje kwa vidole hakukuambii chochote cha kuaminika.

Kifuani: sikiliza pande zote mbili, hasa nyuma chini. Moyoni na mishipani: bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10 hadi iwe nyeupe, achia, hesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mzunguko haujatosha hata kama presha inasoma vizuri. Tumboni: je, limevimba, amepata choo, chakula kinapita? Kisha hesabu kila kitu kilichomtoboa (kanula, katheta ya shingoni, mpira wa mkojo, mpira wa kulishia) na tarehe kilipowekwa. Mwisho mgeuze, pamoja na muuguzi, uone mgongo, makalio na visigino. Kidonda cha kulalia huanza kama wekundu au weusi wa ngozi usiopotea ukibonyeza, na kwa ngozi nyeusi uguse pia kwa mkono: pale panapoanza huwa na joto au ugumu kuliko pembeni.

Kuhusu kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, karibu asilimia 12 walikuwa chini ya 88 damu yao ya ateri ilipopimwa. Kwa wazungu ilikuwa karibu asilimia 4. Wagonjwa wetu karibu wote wako kwenye kundi hilo la kwanza. Kwa hiyo 92 ya kidoleni kwa mgonjwa anayehema kwa shida isikuridhishe. Pima gesi za damu kama kipimo kipo, na kama hakipo, lenga 94 na kuendelea, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayehitaji 88 hadi 92. Mama wa Pwani aliyepakwa piko au rangi ya kucha, hamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio.

Kwenye raundi

Mweleze bingwa mgonjwa kwa dakika tano: nani, siku ya ngapi, kwa nini yuko hapa, kimebadilika nini tangu jana, kisha mfumo kwa mfumo, na umalizie na mpango wako. Toa mpango hata kama huna uhakika. Bingwa akikurekebisha ndipo unapojifunza. Ukisoma namba tu na kunyamaza, umefanya kazi ya chati.

Kabla ya kuondoka kitandani, pitia mambo saba kwa sauti, orodha ambayo ICU nyingi duniani hutumia:

- Chakula. Kianze ndani ya saa 24 hadi 48 kama presha imetulia. Anza mililita 20 hadi 30 kwa saa na uongeze. Uji wa lishe uchujwe; uji mzito huziba mpira wa kulishia, na mpira ukiziba mgonjwa hukaa njaa hadi kesho. Sukuma maji mililita 30 baada ya kila mlo na kila dawa.
- Maumivu. Aliyenyamaza kwa dawa anaweza kuwa anaumia. Angalia uso, mapigo, na kama anapigana na mashine.
- Dawa ya usingizi. Je, inaweza kusimamishwa asubuhi hii tuone kama anaamka? Swali hili liulizwe kila siku.
- Damu kuganda. Enoksaparini miligramu 40 kwa siku, au heparini yuniti 5,000 kila saa 8 hadi 12, isipokuwa kama anatoka damu. Figo zikiwa mbovu, heparini.
- Kichwa cha kitanda: nyuzi 30 hadi 45. Kipime. Macho hudanganya.
- Kinga ya vidonda vya tumbo, kwa walio kwenye mashine au wenye shida ya damu kuganda. Wakiacha mashine, iache.
- Sukari. Anza insulini ikipita milimoli 10 kwa lita mara mbili, na usiishushe chini ya 6. Kwa mwenye malaria kali, ini bovu au maambukizi makali, woga mkubwa uwe wa kushuka. Pima kila saa nne.

Ongeza mawili ya kwetu: antibayotiki ni ya siku ya ngapi na itasimama lini, na ni mpira au katheta gani inaweza kutolewa leo. Andika mpango kwa namba. "Angalia presha" si agizo. "Presha ya wastani iwe 65 au zaidi, ikishuka chini ya 60 kwa dakika 10 nipigieni" ni agizo ambalo muuguzi anaweza kulifanyia kazi.

Mashine ya kupumulia

Hapa ndipo residenti wengi wanakosea kwa namna moja: wanakokotoa hewa kwa uzito wa mwili. Mapafu hayanenepi. Yanafuata urefu, kwa hiyo mpime mgonjwa kwa utepe, amelala, kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha tumia kanuni hii:

Mwanaume: 50 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)
Mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)

Chukua mama wa sentimita 158 mwenye kilo 85. Uzito wake wa kanuni ni 45.5 + 0.91 × 5.6, yaani kilo 50.6. Kwa mililita 6 kwa kilo, kila pumzi iwe kama mililita 300. Ukitumia kilo 85 utampa 510, yaani mililita 10 kwa kilo ya mapafu yake halisi. Tofauti hiyo si ya nadharia: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 kwa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojaa maji ya uvimbe, waliopewa mililita 6 walifariki asilimia 31, na waliopewa 12 karibu asilimia 40.

Mpangilio wa kuanzia kwa mgonjwa wa kawaida: mililita 6 hadi 8 kwa kilo ya kanuni, pumzi 14 hadi 18 kwa dakika, PEEP (shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) 5, oksijeni asilimia 100 kisha ishushwe ndani ya dakika chache hadi kiwango kidogo kinachotosha. Baada ya nusu saa, bonyeza kitufe cha kushikilia pumzi ya ndani na usome shinikizo la utulivu: liwe chini ya 30. Likizidi, punguza mililita moja kwa kilo kila mara, hadi 4, na uongeze idadi ya pumzi.

Mwenye pumu ni kinyume chake. Tatizo lake ni kutoa hewa, kwa hiyo mpe pumzi chache, 8 hadi 12, na muda mrefu wa kutoa. Presha yake ikianguka ghafla, mtenganishe na mashine kwa sekunde chache na ubonyeze kifua taratibu. Hewa iliyonaswa ikitoka presha hurudi. Isiporudi, fikiria hewa iliyovuja nje ya pafu.

Kengele ya shinikizo la juu ikilia, linganisha namba mbili. Shinikizo la kilele likiwa juu na la utulivu ni la kawaida, njia imebana: mgonjwa anauma mpira, makohozi, mpira umejikunja, kichujio kimelowa, au bronkasi (njia za hewa za mapafuni) zimekaza. Yote mawili yakiwa juu, pafu au kifua ndicho kigumu: mpira umeingia pafu moja, maji, nimonia, hewa nje ya pafu, tumbo lililojaa.

Oksijeni ikishuka ghafla na huelewi, usichezee vitufe. Mtoe kwenye mashine, mpe Ambu na oksijeni asilimia 100, kisha pita hatua nne: mpira umehama? mpira umeziba (pitisha katheta ya kufyonzea)? hewa nje ya pafu? kifaa kimeharibika? Akiinuka kwa Ambu, kosa liko kwenye mashine au mirija yake. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, hatua ni hiyo hiyo. Mwaka 1952, polio ilipoishambulia Copenhagen, mtaalamu wa usingizi Bjørn Ibsen alipanga wanafunzi wa udaktari wakamue mifuko kwa mikono, zamu kwa zamu, mchana na usiku, na huko ndiko tiba hii yote ilikotoka. Jua kukamua vizuri: nusu ya mfuko, pumzi moja kila sekunde tano hivi, ukitazama kifua kikipanda. Hofu humfanya mtu akamue mara 30 kwa dakika, na presha ya mgonjwa huanguka.

Kumwachisha mashine kufikiriwe kila asubuhi. Masharti: chanzo kimepungua, oksijeni anayopewa ni asilimia 40 hadi 50 au chini, PEEP 8 au chini, dawa ya presha imekoma au ni kidogo sana, anaamka, anakohoa akifyonzwa. Mweke kwenye msaada wa shinikizo 5 hadi 8 kwa dakika 30. Gawanya pumzi kwa dakika kwa ujazo wa pumzi kwa lita: 28 kwa 0.35 ni 80, endelea. 40 kwa 0.25 ni 160, hajawa tayari. Simamisha jaribio pumzi zikizidi 35, oksijeni ikishuka chini ya 90, mapigo yakizidi 140, au akitoka jasho na kuhangaika. Akishindwa, mpumzishe hadi kesho. Kumjaribu mara tatu kwa siku kunamchosha tu.

Kuingiza mpira wa kupumulia

Mgonjwa wa ICU si mgonjwa wa theatre, hana akiba. Gawa kazi kabla ya kuanza: mmoja wa kuingiza, mmoja wa dawa, mmoja wa kutazama monita na kutaja namba kwa sauti, mmoja wa kufyonza na kukabidhi vifaa. Semeni wazi tutafanya nini jaribio la kwanza likishindwa.

Inua kichwa hadi tundu la sikio lilingane na kishimo cha juu ya mfupa wa kifua. Mpe oksijeni kamili angalau dakika tatu. Andaa mpira namba 7 hadi 7.5 kwa mwanamke, 7.5 hadi 8 kwa mwanaume, na mdogo mmoja pembeni. Uwe na noradrenalini au adrenalini tayari kwenye sindano, kwa sababu presha huanguka baada ya mpira kuingia kuliko kabla. Kwa usingizi, ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Mwenye mshtuko mpe nusu ya hiyo. Kwa kulegeza misuli, suksametoniamu miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, isipokuwa kwa mwenye potasiamu ya juu, aliyeungua zaidi ya siku moja au mbili, au aliyelala bila kujongea kwa wiki. Huyo mpe rokuroniamu 1.2.

Oksijeni ikifika 93 acha kujaribu, rudi kwenye barakoa. Usizidishe majaribio matatu, na la tatu liwe la mtu mwenye uzoefu kuliko wewe. Thibitisha kwa kapnografu. Mvuke ndani ya mpira na sauti kifuani vimewadanganya madaktari wengi wazuri.

Maji na dawa za presha

Vitabu vingi vinasema mililita 30 kwa kilo kwa kila mwenye maambukizi makali na presha ya chini. Kwetu hapa kuna ushahidi unaodai uangalifu. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha watoto wenye homa na mzunguko dhaifu waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Zambia, mwaka 2017, watu wazima waliofuata itifaki ya maji mengi ya mapema walifariki hospitalini asilimia 48 dhidi ya 33. Wengi wao walikuwa na VVU, na mashine za kupumulia zilikuwa haba. Maji yakijaa mapafuni, asiye na mashine hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo mpe mtu mzima mililita 250 hadi 500, kisha rudi kitandani mwenyewe: sikiliza chini ya mapafu, hesabu pumzi, bonyeza tena kidole. Mzunguko ukiboreka bila kifua kuharibika, rudia. Usipoboreka, anza noradrenalini mapema.

Changanya miligramu 4 kwenye mililita 50 za dextrose 5%, upate mikrogramu 80 kwa mililita. Mtu wa kilo 70 kwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika anahitaji 7 kwa dakika, 420 kwa saa, yaani mililita 5.25 kwa saa. Pampu ikikosekana: miligramu 4 kwenye mililita 500, dripu ya matone madogo 60 kwa mililita, matone 52 kwa dakika, na mtu wa kuyahesabu kila robo saa. Soma kichupa kwa makini: miligramu 2 za noradrenalini tartreti ni sawa na miligramu 1 tu ya dawa yenyewe, na kichupa kinaweza kuandikwa kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Ukihama kutoka chapa moja kwenda nyingine bila kuangalia, dozi inaweza kuwa nusu au maradufu.

Katheta ya shingoni ikichelewa, anzia kwenye kanula nzuri ya mkono wa mbele, uikague kila saa. Ngozi ikipauka au kuvimba, simamisha na uhame.

Wagonjwa utakaowaona kwetu

*Kifafa cha mimba.* Magneziamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 5 kila kalio, kisha gramu 5 kila saa nne, hadi saa 24 baada ya kujifungua au degedege la mwisho. Kabla ya kila dozi: pumzi 16 au zaidi, goti linaruka, mkojo angalau mililita 30 kwa saa. Mtego wa ICU ni huu: mama akiwa kwenye mashine, pumzi unazohesabu ni za mashine, na akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli goti haliruki. Unabaki na mkojo na vipimo vya figo tu, kwa hiyo mkojo upimwe kila saa bila kukosa. Kalisiamu glukoneti gramu 1 ikae kando ya kitanda.

*Sumu ya kuulia wadudu.* Atropini miligramu 2 hadi 3, kisha maradufu kila dakika tano, hadi mapafu yawe safi, mapigo yapite 80 na kwapa likauke. Usifuate mboni peke yake. Kisha endeleza kwa dripu asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kwa saa. Aliyehitaji miligramu 30 apate 3 hadi 6. Hesabu vichupa ujue vitaisha saa ngapi, uwapigie famasi kabla. Akianza kuweweseka, joto likapanda na tumbo likanyamaza, imezidi; simamisha, uanze tena kwa kiwango cha chini. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, kila saa nne mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Asipoweza, misuli ya kupumua inafuata, hata kama jana alikuwa anaongea na ndugu zake. Usimhamishe wodini kabla siku hizo hazijapita.

*Kichwa kilichoumia kwenye bodaboda.* Namba ya juu ya presha isishuke chini ya 110, oksijeni isishuke, kichwa nyuzi 30, shingo imenyooka, na kamba ya kufungia mpira isibane mishipa ya shingo. Maji ya dextrose peke yake asipewe, ila sukari ikishuka.

Ndugu wa mgonjwa

Panga muda wa kuongea nao kila siku, wakiwa wamekaa, na mwombe muuguzi awepo. Waulize familia imemchagua nani awe msemaji. Anza kwa salamu kama kawaida, kisha uulize wanaelewa nini. Mfano: "Shikamoo mzee. Mimi ndiye daktari ninayemhudumia binti yako. Kabla sijaeleza, ungependa kuniambia umeambiwa nini hadi sasa?" Halafu useme wazi: "Hali yake ni mbaya sana. Mashine inamsaidia kupumua. Tunafanya kila tuwezalo, lakini anaweza kufariki." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno ya kitabibu.

Epuka "anaendelea vizuri" kwa kuwa tu namba moja imepanda. Wataondoka na matumaini ambayo kesho utalazimika kuyavunja. Suala la gharama lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, siyo siku bili imefika isikolipika. Akifariki, sema "amefariki dunia". Wapo wanaotaka kumwona kabla hajapelekwa mochwari, na wapo wanaohitaji maiti mapema kwa maziko ya siku hiyo hiyo. Uliza, na uharakishe karatasi.

Kukabidhi zamu na usiku

Kabidhi kando ya kitanda, ukianza na aliye hatarini zaidi. Kwa kila mmoja: hali yake, kilichobaki kufanywa, na "ikitokea hivi, fanya hivi". Anayepokea arudie kwa maneno yake. Saa nne usiku zunguka tena vitanda vyote, hakiki dawa zitakazoisha kabla ya asubuhi, badilisha sindano za noradrenalini kabla hazijakauka. Mwite bingwa kwa mambo haya bila kusita: noradrenalini imeongezeka maradufu, oksijeni anayohitaji kwenye mashine imepita asilimia 60, mboni zimetofautiana, au muuguzi mwenye uzoefu anasema "huyu simpendi". Hilo la mwisho lichukue kwa uzito sawa na mengine.

Mpangilio wa wiki

Kwa rotesheni ya wiki nane, wiki mbili za kwanza chukua wagonjwa wawili tu, uwajue kabisa, na uweke mipangilio ya mashine mbele ya msimamizi. Kuanzia wiki ya tatu, wagonjwa wanne, kuingiza mpira na katheta ukisimamiwa, kwa ultrasaundi kila inapokuwepo. Kuanzia wiki ya sita, ongoza raundi mara moja kwa wiki, bingwa akisikiliza. Daftari la stadi lisainiwe siku hiyo hiyo, na liandike pia yaliyoshindikana: jaribio la pili, hewa iliyovuja baada ya katheta. Msimamizi anayesaini kurasa tano kwa mpigo mwisho wa mwezi hajamsaidia mtu.

Kila wiki kaeni pamoja mpitie vifo vyote, wauguzi wakiwepo, kwa swali moja: ni saa ngapi ishara ya kwanza ilionekana kwenye chati, na nani aliiona? Siku ya mwisho mzungushe residenti anayeingia, kitanda kwa kitanda, umwonyeshe mtungi upi unavuja na mashine ipi ina kichujio cha mwisho, kisha mpe namba ya simu yako kwa wiki moja.